Mashine yangu bila Mama Tulizo

Ndugu zangu wa kundi hili, leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Suti ilibaki mwilini. Naongelea aibu.)

Mnajua nina mashine ya kusaga hapa Igowole. Wiki iliyopita nilikwenda Iringa mjini kwenye mafunzo ya biashara. Mwalimu, kijana wa umri wa wajukuu zangu, akatuambia biashara ni mfumo: kila sehemu inategemea nyingine, ukigusa moja zote zinatikisika. Akasema tuchore. Nikachora duara la umeme, la kinu, la mkanda, la Obedi anayesaga, la wateja. Mishale kila upande. Mwalimu akanisifu. (Hapo ndipo nilipoharibika.)

Niliporudi nikagundua Mama Tulizo hana duara. Mama huyu hukaa mlangoni pa mashine, anapokea mizigo ya wateja na kupiga soga kutwa. Jana nikamwambia akapumzike nyumbani.

"Kwani nimekosa nini, baba?"

"Hujakosa. Ila wewe humo kwenye mchoro."

Akanitazama kidogo, akachukua kanga yake, akaondoka.

Sasa leo. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Tukuyu kuleta posa ya mjukuu wangu Neema. Tumemlea wenyewe, na kijana kamchagua mwenyewe. Asubuhi Neema aliniomba kitu kimoja: "Babu, leo usituaibishe." Nikamwambia atulie, nyumba hii ina mpangilio.

Nikapita mashineni kuchukua unga wa wageni. Kina mama walikuwa wameacha viroba vyao alfajiri wakaenda shamba, kama kawaida, cha mke wangu kikiwemo. Hapa kwetu hakuna anayeandika jina. Kila mama anafunga kiroba kwa fundo lake, na Mama Tulizo anayajua mafundo yote. Mimi, mwenye mashine kwa miaka yote hii, sikujua kwamba hiyo ni kazi.

"Mzee, hiki cha nani?" Obedi akauliza.

"Saga. Mahindi ni mahindi."

Vikasagwa vyote, kila unga ukarudi kwenye kiroba chake na fundo lake. Nikabeba kilichofanana na chetu.

Saa saba wakwe wameketi, watu wanne, baba mkwe mwenyewe ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Nikawaeleza kuhusu mfumo. (Ndiyo, niliwachorea mezani kwa kidole.) Mke wangu akaniita jikoni.

"Baba, ugali haushiki."

"Ongezeni unga."

"Tumeongeza mara tatu. Kila tukiongeza unazidi kulegea. Na ni mtamu."

Nikasema mabinti wa siku hizi hawajui kusonga. Nikavua koti, nikamnyang'anya Neema mwiko. Nikasonga kwa nguvu zangu zote. Sufuria ikacheka blup, blup. Nilipoinua kichwa, mshenga wao alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kunawia.

"Mzee, kumbe kwenu mwenye nyumba ndiye anayepika?"

Kabla sijajibu, nikasikia hodi sebuleni, nikatoka. Ni Mama Shida, mpika pombe ya komoni maarufu wa mtaa wetu, na kiroba kichwani.

"Shikamooni wazee. Samahani kwa wageni. Nimetafuta kimea changu cha pombe, Obedi kanipa dona. Nimempelekea Mama Tulizo kiroba, kaangalia fundo tu, akaniambia: hicho ni cha mzee, basi chako kitakuwa kwake."

Kimea, kwa msiokijua, ni mahindi yaliyooteshwa, yakaanikwa, yakasagwa. Wapika pombe hukitia kwenye uji mzito ili ulainike. Kazi yake ni kulegeza, na kwangu kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana.

Baba mkwe akashusha miwani.

"Kwa hiyo tulikuwa tunapikiwa pombe?"

Neema alikuwa nyuma yangu. Hakulia, ila alikuwa ameshika ukingo wa mlango kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Nikaona kudanganya hakufai. Nikaeleza yote: mafunzo, maduara, mishale, na mama niliyemwondoa kwa sababu sikumwona akifanya kitu. Jasho la mwiko bado linanitoka.

Yule mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Mzee mwenzangu, binti tunamtaka. Posa hii hapa. Ila siku ya harusi, unga tutakuja nao sisi kutoka Tukuyu."

Neema akaachia mlango.

Ugali wa pili ulipikwa kwa dona alilorudisha Mama Shida. Wageni walipoondoka nilikwenda moja kwa moja kumwomba radhi Mama Tulizo. Amekubali kurudi Jumatatu. Mpaka siku hiyo, kasema, nikae mlangoni mwenyewe nijifunze kazi.

Kwa hiyo mnaotaka kunicheka, njooni mnichekee mashineni na mahindi yenu. Ila nawaomba sana, andikeni majina.