Kijiko Kilichopimwa kwa Skwea ya Babu

Jumatatu, 8 Aprili

Jana kwenye kikao cha kijiji nilisimama na kutangaza. Jumapili hii, siku ya kusafisha mifereji kabla ya kupanda mpunga, hakuna atakayeshuka na jembe kwenye mfereji wa juu. Ekskaveta yangu itaufanya wote! Makofi. Bibi Tsuyako, ambaye ana miaka themanini na tatu na bado huingia kwenye tope kila mwaka, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi, Onodera, karani mstaafu wa posta!

Nilisahau kutaja jambo moja dogo. Ekskaveta yangu haina kijiko, kile chombo cha meno cha kuchotea udongo. Nilipoinunua vuli iliyopita ilikuja na mkono mtupu, na aliyeniuzia akasema vijiko hupatikana kila mahali.

Fumie, mke wangu, hakusahau. Njiani aliniuliza kama nitachota tope kwa kofia. Mashine imekalia tuta lake la vitunguu miezi sita sasa. Amesema isipofanya kazi Jumapili, Jumatatu inaondoka. Jirani yetu Kusakabe ameshakubali kuichukua. Kusakabe! Seremala mstaafu, ana ekskaveta yake na vijiko viwili, na huvifuta vumbi kama vyombo vya wageni.

Jumanne, 9 Aprili

Kusakabe alikuja ukutani na kusema nikitaka ataniazima kijiko. Nikamjibu asante sana, changu kiko njiani. Ukiazima kitu cha Kusakabe unarudisha na chupa ya sake, pombe ya mchele, kisha unainama kila mkipishana hadi siku ya kufa kwako.

Nimepima mwenyewe. Nimetoa skwea ya chuma, ile rula ya pembe ya mafundi, ya marehemu babu, aliyekuwa seremala wa mahekalu. Upande mmoja namba zimefutika, upande wa nyuma zinasomeka vizuri, basi nikatumia huo. Unene wa mkono wa mashine: sentimita kumi kamili. Pini: mbili na nusu. Nimeandika kwenye kiganja nisipoteze karatasi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekipata! Kwa Mama Hamaguchi, mwenye yadi ya vyuma chakavu ng'ambo ya mto. Kilikuwa chini ya bafu bovu, rangi ya chungwa, meno matatu, chembamba. Nimekipima kwa futi ya yadini. Nafasi kati ya masikio yake mawili, mabamba yanayobana mkono wa mashine: sentimita kumi! Tundu la pini: mbili na nusu! Kana kwamba kilikuwa kikinisubiri.

Mama Hamaguchi aliniuliza mashine yangu ni ya tani ngapi. Tatu, nikamwambia. Akakunja uso. Akasema baba, hiki ni cha mashine ya tani moja, hizi ndogo za bustani. Nikamwonyesha kiganja. Akasema kiganja chako hakijui mashine. Nikamwambia namba hazina ubishi. Akainua mabega, akanipakilia kwenye gari.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakiingii.

Mkono wa ekskaveta ni mnene kuliko nafasi ya masikio. Nimesukuma. Nimepaka mafuta. Nimegonga kwa nyundo ya mbao, kisha ya chuma, kisha nimegonga kidole. Kelele zangu zikamleta Kusakabe. Akatazama kijiko, akatazama mashine, kisha macho yakatua kwenye skwea. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, nilipima kwa upande gani.

Upande wa nyuma, nikasema, ndio unaosomeka. Akakaa chini kwenye ndoo. Alicheka hadi akashika mbavu. Akasema jirani, ule si wa kupimia vitu vya kawaida! Sentimita zake zimerefushwa kwa makusudi, ni wa mafundi, wa kukisia gogo la duara litatoa boriti ya ukubwa gani. Kumi ya huko ni kumi na nne ya kweli. Akasema hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza anajua. Kisha akasema hicho kijiko kinafaa kuchotea supu.

Fumie alisikia yote kutoka jikoni. Alitoka na kamba, akaanza kupima atapanda vitunguu safu ngapi mashine ikishaondoka. Iliniuma zaidi ya kidole.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimerudi kwa Mama Hamaguchi. Nilijiandaa kuchekwa, nikachekwa. Lakini kijiko kingine cha saizi yangu hana, na Jumapili ni keshokutwa. Akafikiri, akavuta kofia ya kuchomelea. Amekata masikio yote mawili, akatengeneza mapya ya bamba nene, akayachomelea kwa upana wa kumi na nne, akatoboa matundu ya pini ya tatu na nusu. Alipima yeye, kwa chombo chake. Nilipoinua skwea ya babu alinitazama mpaka nikairudisha garini.

Jumamosi, 13 Aprili

Pini zimeingia! Zote mbili! Nilipiga ukelele, Fumie akakimbilia nje na sanduku la dawa akidhani nimekatika mkono. Kijiko kinaonekana kidogo mno kwenye mkono ule, kama mtu mzima aliyevaa kofia ya mtoto. Haidhuru. Kinakunja, kinakunjua.

Jumapili, 14 Aprili

Saa mbili asubuhi kijiji kizima kilikuwepo. Kusakabe alifika na mashine yake iliyong'aa, akaomba aanze yeye. Akashusha kijiko chake kipana kwenye mfereji wa juu. Kikakwama juu ya mawe ya ukingo. Mfereji ni mwembamba! Kila mwaka tumeusafisha kwa majembe na hakuna aliyewahi kuupima.

Nikasogea. Nikashusha changu. Kikashuka kati ya mawe bila kugusa upande wowote, kikapanda kimejaa tope jeusi. Watu wakapiga kelele. Bibi Tsuyako alikaa ukingoni, miguu mikavu, akala tonge la wali na plamu ya chumvi, akanielekeza kwa kidole kila nilipoacha tope. Saa sita wakafungua maji. Yalipita mfereji mzima bila kusimama hata mahali pamoja. Nilikuwa nafuta jasho, lakini si jasho peke yake.

Fumie alinipandishia chai hadi kwenye kiti cha mashine. Amesema ibaki. Ila si juu ya vitunguu.

Jumatatu, 15 Aprili

Kusakabe amekuja asubuhi na zawadi iliyofungwa vizuri: futi mpya ya utepe, ya mita tano. Akasema hongera, jirani, na kwa ajili ya afya ya kijiji itumie. Nimeinama, nimeiweka kabatini. Wivu wa seremala! Kama ningepima kwa upande wa mbele ningeleta kijiko kipana kama chake, na mfereji ungekuwa bado na tope. Babu alijua alichokuwa anafanya.

Nimemwahidi Fumie banda la mashine, nyuma ya nyumba, lenye nguzo imara. Nimeshapima ekskaveta kwa skwea, upande wa nyuma, ule wenye bahati. Upana wake mita moja na sentimita kumi tu! Sikujua kama ni nyembamba hivyo. Mbao nimeagiza leo, zimekatwa tayari kwa kipimo hicho, na muuzaji amesema hazirudishwi.