Mvinyo Chini ya Mabati

Jumatatu, 2 Februari 2015

Siku kubwa. Afande Oryem, mwenye hoteli, ametupanga mstari uani, wafanyakazi wote, kama anavyofanya tangu alipostaafu jeshi. Ametangaza kwamba mgahawa mpya utafunguliwa mwisho wa mwezi. Watalii wanaopanda Rwenzori wanapenda mvinyo, kwa hiyo anatafuta mtu mmoja wa kuuchagua na kuusimamia. Mtu huyo atapata koti jeusi na chumba ndani ya hoteli. Chenye feni!

Akauliza nani kati yetu anajua mvinyo. Nikainua mkono.

Nilisema nilisomea mvinyo miaka miwili Afrika Kusini. Hapa kwenye shajara naweza kusema kweli: nilikuwa mtumishi wa altare kule Hoima, nikalamba kikombe mara moja, padri akaniona. Lakini ladha ninaikumbuka. Ilikuwa nyekundu.

Baluku, mhudumu wa baa, akauliza nilisomea mji gani. Nikamwambia ule mkubwa. Baluku husema "waini". Mtu wa namna hiyo hawezi kunitisha.

Afande ameamuru mimi na Baluku tushindane kuonja Alhamisi ya wiki ijayo. Atakayefaulu atavaa koti. Asiyefaulu ataendelea na kazi yake. Yangu ni kuhesabu shuka.

Jumanne, 3 Februari

Masanduku matatu yamefika kutoka Kampala kwa lori la Siraje. Kila sanduku limetoka shamba lake la mizabibu: moja la mlimani, moja la bondeni, moja la karibu na bahari. Chupa nne kila moja, mbili nyekundu, mbili nyeupe. Siraje ni Mwislamu, hanywi, lakini alikuwa ameyafunika magunia yaliyoloweshwa maji, na alisafiri alfajiri ili jua lisiyapate. Mbwembwe za bure.

Stoo ya hoteli imejaa saruji. Nikajitolea chumba changu. Nia yangu ni kusoma lebo zote kabla ya Alhamisi, jambo ambalo Baluku hataweza.

Siraje alisimama katikati ya chumba akatazama juu kwenye mabati, akaendelea kutazama. "Ndugu," akasema, "hapa hata ndizi mbichi itaiva kabla ya Ijumaa."

Nikamkumbusha kwamba yeye ni mtu wa soda.

La mlimani nimelisukuma chini ya kitanda, kwenye sakafu. La bondeni nimeliweka dirishani, penye mwanga, nisome vizuri. La baharini liko juu ya kabati. Nimelala nikiwa mtu mwenye maktaba.

Jumatano, 4 Februari

Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi inayoeleza ladha. Mvinyo mmoja una ladha ya jiwe lililolowa. Sikuelewa. Mtaalamu hafanyi kazi kwa kubahatisha, nikaenda mto Nyamwamba, nikaokota jiwe, nikalilamba.

Ladha ya sabuni. Pale juu wanafua.

Mwingine una harufu ya sanduku la sigara. Nilimwomba mlinzi pakiti yake nikaweka pua ndani. Akaninyang'anya. Amewaambia watu wa jikoni kwamba nimeanza tabia.

Tatizo kubwa zaidi: nimemsikia Baluku akimwambia mpishi kuna mwanamke Mkongo sokoni Mpondwe, mpakani, anayeuza vitenge, ambaye baba yake alipikia mapadri Butembo, na anaijua kila chupa kwa kunusa. Baluku anafikiria kwenda kujifunza kwake. Kufikiria! Mimi nakwenda.

Ijumaa, 6 Februari

Siku ya soko Mpondwe. Malori yamepanga foleni mpaka mbali, wabebaji wanapigana vikumbo. Mwanamke nimempata. Anaitwa Kaswera. Nilibeba chupa moja nyekundu kutoka chini ya kitanda, nimeifunga kwenye gazeti.

Nilimwambia naitwa Mugenyi, mtaalamu ninayefanya utafiti wa jinsi watu wasio wataalamu wanavyoonja. Aliniangalia. Kisha akaniambia nikae juu ya marobota.

Alitoa kizibo polepole, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Akanusa kizibo, hakunusa chupa. Wateja wawili walikuja, wakauliza bei, wakaondoka, bado ananusa.

"Hii iko muzuri, papa Mugenyi," akasema mwishowe; kwao kila mwanamume ni papa, yaani baba. "Ililala pahali pa baridi. Unasikia? Kwanza matunda. Kisha udongo, saa mvua imetoka kupita."

Nilisikia harufu ya soko.

Akanifundisha: tazama rangi kwenye mwanga, nusa, chukua kidogo, acha itembee mudomoni, halafu tema. Nikameza. Akasema tema. Nikameza. Kutema kitu kilichotoka Afrika Kusini ni kukosa adabu.

Akasema mapadri walikuwa na pango chini ya nyumba, baridi mwaka mzima, na kila Pasaka baba yake alimpa vizibo avinuse, abahatishe ni divai gani. Akipata, kipande cha sukari. Aliviweka vyote dirishani mwake. Mwezi wa kumi na moja, mauaji yalipokaribia shamba lao upande wa Beni, aliondoka na watoto wawili na furushi moja la nguo. Vizibo vilibaki.

Hayo sikuyaandika kwenye daftari la utafiti. Hayakuwa na msamiati.

Aliuliza kama hoteli yetu ina kazi yoyote, hata kufagia. Nikamweleza kwa upole kwamba tunatafuta wataalamu.

Jumapili, 8 Februari

Wakati wa mahubiri nimepata mpango. Mzuri mno. Nimekosa kusimama wakati wa Kanuni ya Imani, jirani akanivuta shati.

Kaswera atakuja Alhamisi. Nitasema ni shangazi yangu. Ataketi nyuma karibu na mlango, mimi nitasimama nikitazama kioo kikubwa cha baa, ambacho kinaonyesha chumba chote. Ataonja kidogo kama mgeni. Mvinyo ukiwa mzuri, atajipepea. Ukiwa mbaya, atagusa kilemba. Mimi nitasema. Koti ni langu.

Jumanne, 10 Februari

Mpondwe tena. Nimemweleza Kaswera mpango wote, mara mbili, kwa vitendo. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Papa Mugenyi," akasema, "ulimi iko yako. Utaonja na ulimi ya mutu mwingine namna gani?"

Nikamwambia kutakuwa na chakula cha mchana, na nauli juu yangu. Akauliza chakula gani. Nikasema nyama, wali, matoke. Akauliza kama anaweza kuwabebea watoto kidogo. Nikasema hata sana. Akacheka tena, akasema atakuja.

Nikachukulia amekubali yote.

Jumatano, 11 Februari

Joto la ajabu. Kasese yote inapumua kwa mdomo. Godoro langu lina moto kama chapati.

Kizibo kimoja cha sanduku la dirishani kimechomoza na kutoa majimaji mekundu. Nadhani ni dalili njema. Karatasi inasema mvinyo ni kitu chenye uhai. Nimekirudisha ndani kwa kisigino cha kiatu.

Nimemaliza lebo zote. Majina ya mashamba nayajua kwa kichwa, hata nambari ya simu ya kiwanda cha chupa.

Alhamisi, 12 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Saa nane mchana. Ukumbini: Afande Oryem mezani, Baluku na mimi mbele, Siraje kando na soda yake kwa kuwa Afande alimwalika aone mzigo wake, na nyuma karibu na mlango "shangazi yangu" Kaswera, kwa kitenge cha kijani na kilemba chake. Baluku alikuwa amezifunga chupa zote kwenye magazeti na kuandika nambari. Chupa kumi na moja. Nilieleza kwamba moja ilivunjika barabarani. Siraje akasema yeye alikabidhi kumi na mbili, zote nzima. Nikasema barabara ya kuja chumbani kwangu.

Dakika ya kwanza umeme ukakatika. Feni zikasimama.

Glasi ya kwanza. Nikatazama kioo. Kaswera anajipepea. "Bora!" nikasema. "Jiwe lililolowa! Sanduku la sigara!" Baluku alionja, akatema, akasema waini huu ni mtamu lakini umechoka, hajui kwa nini.

Ya pili. Anajipepea. Bora. Ya tatu. Anajipepea kwa nguvu zaidi. Bora sana. Ya nne, ya tano, ya sita: hajapumzika hata kidogo. Nilishangaa kwamba Afrika Kusini hawajui kutengeneza mvinyo mbaya. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Afande alikuwa anajipepea kwa kofia yake. Siraje kwa risiti. Hata mpishi, mlangoni, kwa sinia.

Ya saba. Baluku aliinusa akageuza uso. Siraje, mita nne kutoka hapo, akashusha soda. Akasema yeye hanywi, lakini hata yeye anasikia siki.

Nikatazama kioo. Kaswera anajipepea kwa mikono miwili.

"Hii," nikasema, "ni mfalme wa zote."

Afande akanywa. Akaenda dirishani akatema. Akarudi akasimama mbele yangu, karibu.

"Rudia."

"Jua la bondeni, Afande. Limeiva."

"Rudia!"

Ndipo Kaswera alipoinuka. Akasema samahani, Afande, ile si divai tena. "Hii waliipika," akasema. "Si na moto. Na jua."

Afande akamwamuru asogee. Akasogea. Akapita meza nzima, glasi kwa glasi, akinusa, akionja kidogo, akitema kwenye ndoo kwa heshima kama yuko kanisani. Akazisukuma glasi kwa makundi. Tatu hizi ziko na uzima, ni za shamba moja, penye mulima, usiku baridi. Nyeupe moja iko na harufu ya matunda ya maracuja, ile ingine ya nyasi. Nne hizi zilikaa juu, pahali pa moto, zimechoka lakini mutu anaweza kuzipikia nyama. Nne hizi zilikaa juani. Watupe.

Tatu, nne, nne. Chini ya kitanda, juu ya kabati, dirishani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Afande akamgeukia Siraje. Siraje akaeleza magunia, maji, alfajiri. Akasema aliyaacha kwangu, chini ya mabati, na alinionya. Afande akanigeukia mimi.

"Hii sanduku ya bondeni ilikaa wapi?"

"Dirishani, Afande."

"Kwa nini?"

"Nipate kusoma."

Baluku hakucheka. Ningependa angecheka.

Afande akamuuliza Kaswera kama kweli yeye ni shangazi yangu. Akasema hapana, yeye ni wa Butembo, alikuja kwa sababu papa Mugenyi alisema kutakuwa na nyama. Akaulizwa alijifunzia wapi. Akajibu: kwa baba yangu, alikuwa mupishi wa mapadri. Basi. Hakutaja mji mkubwa, hakutaja cheti.

"Utaanza Jumatatu," Afande akasema.

Kaswera akauliza kazi ya kufagia inaanza saa ngapi.

"Kufagia nini? Mvinyo! Koti, chumba, yote!"

Akauliza kama kwenye chumba hicho watoto wawili wanaweza kulala. Afande akasema kina vitanda viwili, hamia, mbele tembea. Kaswera akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akashika kilemba kwa mikono yote miwili, akakivuta mpaka kikafunika macho, akabaki hivyo.

Hapo ndipo alipogusa kilemba kwa mara ya kwanza. Kwa kuchelewa sana. Mimi nilikuwa nimeshasema.

Jumamosi, 14 Februari

Afande ameamua hoteli inahitaji pango la mvinyo, baridi mwaka mzima. Kaswera ndiye aliyemshauri. Mimi ndimi nitakayelichimba. "Mita mbili! Chimba!" Shuka amepewa mtu mwingine.

Ardhi ya Kasese ni mawe, na chini ya mawe kuna mawe makubwa zaidi.

Mchana Kaswera aliniletea maji na sahani ya wali na nyama. Hakuonyesha kinyongo. Alikuwa amevaa koti jeusi, limemkaa sawa kabisa. Aliniambia niweke mbao pembeni, udongo wa juu ni mulegevu, utaanguka. Baluku naye akapita akasema vilevile. Nikawajibu kwamba kuonja ni jambo moja na uhandisi ni jingine.

Watoto wake wawili walikaa ukingoni wakinitazama. Mdogo aliuliza kama nimefungwa jela.

Jumatatu, 16 Februari

Mita moja na nusu. Upande wa kushoto umeporomoka leo saa nne asubuhi, nikafukiwa mpaka kiunoni. Siraje alikuwa anashusha saruji, akanivuta kwa kamba ya lori. Nina mchubuko mmoja na kiatu kimoja.

Lakini kule chini, nikisubiri kamba, nilifikiri vizuri kuliko siku zote. Hoteli ngapi huku magharibi zina pango la mvinyo? Hakuna! Fort Portal nzima, hakuna! Na ni nani katika eneo hili mwenye ujuzi wa kuchimba mapango hayo?

Nimeanza barua kwa mwenye hoteli moja ya huko. Nimejieleza kama Mhandisi Mkuu wa Mapango ya Mvinyo. Penye uzoefu niliandika siku mbili, nikaona haipendezi, nikabadilisha kuwa miaka miwili. Siku zenyewe zilikuwa ndefu.

Kesho naomba ruhusa nikapime ardhi. Kwanza nitafute kiatu.