Mkono kwenye Swichi, Jicho kwenye Maikrofoni

Jumatatu, 14 Julai

Dhuluma! Nimepewa swichi. Victoria amepewa maikrofoni.

Mwalimu Audax ametangaza leo kwenye klabu yetu ya redio ya ridhaa kwamba Jumamosi tutajaribu kuzungumza na kituo cha Tanga. Mawasiliano yatahesabika kamili iwapo pande zote mbili zitatajiana namba ya usikivu, ya kuonyesha zinasikiana vizuri kiasi gani. Mwanafunzi atakayeyakamilisha atakwenda naye Dar es Salaam kwenye mkutano wa klabu za shule. Mmoja tu.

Nataka kwenda. Mwaka mzima nawasikia wale wenzetu wa klabu nyingine, sauti zao zikipanda na kuzama katika mikwaruzo. Nataka nizione nyuso zao.

Ila mimi ni mtu wa swichi. Tuna antena mbili. Ile ya kwenye mlingoti ni ya kurushia. Inafika mbali, lakini ukiitumia kusikilizia inakuletea kelele za kila jenereta ya hapa Kilindoni. Ya kupokelea ni waya uliopita chini chini kwenye minazi nyuma ya shule. Hauna nguvu ya kurusha, ila masikio yake ni safi. Kwa hiyo Victoria akitaka kusema, nashusha mkono wa swichi. Akisema "ova", naupandisha. Shusha, pandisha, kama mpiga pampu ya kisima!

Mpango: nitathibitisha kwamba swichi na maikrofoni vinahitaji mtu mmoja. Mtu huyo anaitwa Mize. Ndiye mimi.

Jumanne, 15 Julai

Mazoezi, redio ikiwa imezimwa. Kila Victoria alipofungua mdomo nilichelewa kidogo kushusha, makusudi. Mwalimu akaruka kitini. Akasema ingekuwa redio imewashwa, tungeichoma. Swichi kwanza, kifungo cha maikrofoni baadaye!

Nikaona ndio wakati. Nikashauri kwa adabu kwamba mtu mmoja afanye yote mawili. Mwalimu akasema mtu mwenye mkono mzito hivi hapewi hata kimoja. Nimebakizwa hadi alasiri, nashusha na kupandisha.

Victoria alibaki kunitia moyo, bila kuambiwa na mtu. Akanigawia chapati yake. Chapati ilikuwa laini. Inakuwa vigumu sana kufanya hila dhidi ya mtu wa namna hii. Nitajitahidi.

Alhamisi, 17 Julai

Redio imepata uziwi! Tumesikiliza, hakuna kitu. Nimetumwa kukagua waya wa kupokelea.

Nimekuta kanga. Kanga mbichi, zimeanikwa toka mnazi wa kwanza hadi wa mwisho, waya umelegea mpaka karibu na majani. Mwenye kanga ni Bimkubwa, jirani wa shule. Nikamwamkia. Akaitika kwa furaha, akatushukuru kwa kumwekea kamba. Nikamweleza kwamba si kamba, ni waya wa kusikilizia Tanga.

"Basi si usikilize huku kanga zinakauka, mwanangu? Kwani nimeuziba mdomo?"

Nilipokuwa nazianua, wazo likanijia! Nikarudi mbio kwa Mwalimu. Nikamwambia Jumamosi waya utahitaji mlinzi: mtu mpole, anayependwa na wazee. Sikutaja jina. Nikamtazama tu Victoria. Victoria mwenyewe akasema yuko tayari.

Mwalimu akauliza, na maikrofoni je? Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mwalimu akapumua kwa nguvu. Amenipa vyote viwili!

Ijumaa, 18 Julai

Mwalimu amenionya: jina la kituo, salamu moja, namba, ova. Anga hubadilika wakati wowote, sauti ikapotea. Nimeitikia ndiyo.

Jioni nimefanya mazoezi kwa upawa. Mama amesema Tanga watangoja, mchuzi unaungua.

Jumamosi, 19 Julai

Tanga wameitika! Sauti ya mtu mzima, anaitwa Mzee Mansuri. Nikashusha swichi, nikataja kituo chetu, nikasema shikamoo. Nikapandisha.

Marahaba, mwanangu. Hujambo?

Sasa mzee amekuuliza hujambo. Utamjibu namba? Nikashusha: sijambo. Nikapandisha. Wazee hawajambo? Nikashusha: hawajambo, sijui nyie huko? Nikapandisha. Wazima, alhamdulillahi, ila mguu unamsumbua. Mwalimu akaandika ubaoni NAMBA. Nikamwashiria asubiri, bado tupo kwenye mguu. Nikashusha, nikampa pole. Nikapandisha. Akashukuru, akaniuliza mimi wa akina nani. Mwalimu akapigia mstari NAMBA, chaki ikakatika. Nikashusha, nikamtajia upande wa baba. Ningewaacha vipi wa upande wa mama? Nikawataja.

Nilipopandisha, Mzee alikuwa anazama. Nikashusha haraka: tano na tisa! Nakupokea tano na tisa! Nikapandisha.

Shwaaa. Mikwaruzo mitupu.

Mwalimu hakunigombeza. Amesema huenda anga litarudi, na kwamba sasa zamu ya kulinda waya ni yangu.

Nikamkuta Victoria anamenya mihogo na Bimkubwa. Akaingia chumba cha redio, nikakaa mahali pake. Haukupita muda, dirishani nikamsikia Mzee Mansuri, safi kama yuko uani, anauliza yuko wapi yule binti mwenye adabu. Na Victoria, kwa pumzi moja: "Shikamoo Mzee, nakupokea tano na tisa, ova."

Pumzi moja! Salamu na namba, bila kungoja marahaba!

Mzee akaitika, naye akataja namba yake. Mawasiliano yamekamilika. Victoria anakwenda Dar.

Nimempongeza. Amenikumbatia, akasema atawapiga picha wote aniletee. Baadaye nililia kidogo nyuma ya mnazi. Bimkubwa akasema ni moshi huo, ingawa hakuwa amewasha moto.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari tangu asubuhi. Kosa nimeliona. Ni mkono! Mkono unachelewa. Mkutano wa mwakani nitatumia mguu.

Nimechukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaifunga kamba hadi kwenye kijiti nilichopigilia mlangoni kama swichi. Nikikanyaga, narusha. Nikiachia, mpira wa baiskeli unarudisha kijiti, napokea. Mzee Mansuri naigiza mwenyewe kwa sauti nzito. Ajabu! Kwa kasi hii zitaenea salamu zote, hata za wajukuu mmoja mmoja, na namba itakaa mahali pake, mwishoni. Victoria tayari nimemwahidi kazi ya kulinda waya.

Mama anaita, anataka mbuzi yake, maharage yanangoja tui. Nimemwambia anivumilie kidogo. Mzee ndiyo kwanza ameniuliza habari za mvua.