Mtandao Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Novemba 2025. Nyambureti, ukweni.

Nimefika. Mgongo umekufa kwa pikipiki, lakini sifa zangu zilitangulia. Mama mkwe ameshawatangazia majirani: mkwe wake Mniko, mume wa Winfrida, mtu aliyefika hadi Kampala, ndiye atakayeiwasha laptop. Sikuona haja ya kueleza kwamba Kampala nilifika nikiwa utingo wa lori la vitunguu. Kufika ni kufika.

Kazi yenyewe ni hii. Shemeji yangu Steven, mtoto wa mwisho wa mama mkwe, anasoma Polandi. Jumamosi saa saba mchana anavaa joho. Mama hajamwona uso tangu aondoke, miaka mitano sasa. Kwenye simu yake ya kitochi anasikia sauti tu, tena inayokatika. Kwa hiyo Steven ametuma laptop. Kisanduku cha mtandao nacho kimeshafungwa dirishani, chumbani kwa mama, maana ndipo pekee panapoonana na mnara.

Chumbani kwa mama mkwe! Mwanamume wa huku akanyage chumba anacholala mama wa mke wake? Afadhali aibe ng'ombe. Ng'ombe hulipwa.

Basi nikaletewa laptop barazani. Nikaifungua. Loo! Jina la kisanduku, STEVEN, likatokea kwenye kioo! Limetoka chumbani, limepita ukuta wa tofali, halina waya, halina njia. Nikainuka nikachunguza hapo katikati. Hakuna kitu. Inzi mmoja. Nikapitisha mkono taratibu, nikasikia baridi ya heshima, kama mtu aliyevuka mbele ya altare bila kupiga goti.

Kisha nikamalizia kitaalamu. Kuna kitufe chenye picha ya ndege. Mtu wa kawaida hakioni. Mimi nikafikiri: Polandi si Musoma, hakuna basi. Nikakibonyeza. Kataa kadogo kakawaka, na jina STEVEN likatoweka papo hapo. Limeshapaa! Sijawahi kuona kitu kinaondoka upesi hivyo.

Nikamwambia Winfrida aiweke ndani kando ya kisanduku, na nikatoa amri: isihamishwe mpaka Jumamosi. Mtandao ni kama kuku anayeatamia.

Jumanne, 11 Novemba.

Habari si nzuri. Mama amemtuma Winfrida aniambie kwamba laptop inadai haioni mtandao wowote.

Nikahamishia ofisi yangu nje ya dirisha, nyuma ya nyumba, mgongo kwa ukuta ili nisichungulie. Mimi namwambia Winfrida, Winfrida anamwambia mama, mama anabonyeza. Majibu yanarudi njia hiyohiyo. Wakati mwingine namsikia mama mwenyewe kabla Winfrida hajafungua mdomo, lakini adabu inanitaka nisubiri nisikie mara ya pili.

Nikaagiza wazime kisanduku, wakiwashe. Hakuna. Wazime laptop, waiwashe. Hakuna. Waifute vumbi. Waisogeze karibu. Waigusanishe kabisa, ubavu kwa ubavu! Mama akamwambia Winfrida amwambie mkwe kwamba sasa vimelaliana kama ndama mapacha na bado havijuani.

Winfrida akaniuliza, kwa sauti ile ya nyumbani, kama kuna kitu nilikigusa jana. Nikamwambia nilichogusa ni cha kimataifa, hawezi kukielewa.

Jumatano, 12 Novemba.

Ameingia adui. Elkana! Yeye ameoa dada mkubwa wa Winfrida, ana duka la simu Sirari mpakani, na tangu aoe anapigania nafasi ya mkwe bora. Kaja na pikipiki, miwani ya jua, na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Eti kasikia "iko kashida kidogo huku".

Kilichonifurahisha: naye ni mkwe! Naye haingii! Kwao Wajaluo mwiko ni uleule. Tukakaa wote nyuma ya nyumba, yeye kushoto kwa dirisha, mimi kulia, kama simba wa saruji kwenye geti la hoteli.

Akatoa simu yake. Nakiri nilishtuka. Jina STEVEN liko pale, limejaa, mpaka chini ya mpapai, mpaka nyuma ya choo! Tulitembea nalo boma zima. Tumezungukwa nalo. Tunalivuta puani. Nikamuuliza Elkana kama haogopi. Akasema, "Omera, ndugu yangu, hii ni internet, si jini." Mtu aliyekosa mshangao huyo.

Akasema basi kisanduku ni kizima, mgonjwa ni laptop, itolewe nje aikague. Nikakataa. Kuku anaatamia! Mimi ndiye niliyeanza kazi hii, na kufika kwangu Kampala si kwa bure.

Elkana akabadili: basi mama atumie simu yake Jumamosi. Winfrida akaingia na shauri hilo, akatoka na jibu. Mama anashukuru, lakini hawezi kumtazama mwanawe ndani ya simu ya mkwe, simu inayolala naye kitandani.

Elkana akavua miwani. Nilicheka mpaka kwikwi.

Alhamisi, 13 Novemba.

Nimegundua. Ni pembe!

Boma la ng'ombe liko hatua chache tu kutoka dirishani. Pembe zinaelekea juu, kama zile za redio ya marehemu baba. Kwa akili ya kawaida: mtandao ukitoka kwenye kisanduku unakutana na pembe za ng'ombe wote wale, utabaki nini cha kuingia kwenye laptop?

Nikamwendea mjomba Nchagwa, kaka yake mama mkwe, mwenye ng'ombe na mwenye nyumba ninayolala. Nikampa shikamoo mbili. Nikamwomba awahamishie ng'ombe ng'ambo ya mto mpaka Jumamosi.

Akasema, "Mura, kijana, ng'ombe hawa walikuwepo kabla ya huo mtandao wako. Mtandao ndio uwaamkie."

Nikajaribu mbinu nyingine: kuzifunga pembe kwa vitambaa, angalau za yule dume mweupe. Dume hakupenda. Niko mzima, ila suruali imebaki na mguu mmoja. Elkana aliona yote. Aliona, akapiga picha, akaituma kwa mke wake, nayo ikaenda kwa kutumia mtandao wa mama mkwe. Ulikuwa ukipita juu ya pembe zilezile! Pamoja na maumivu nilistaajabu.

Ijumaa, 14 Novemba.

Nilikwenda Mugumu kwa siri, kwa fundi mmoja karibu na soko. Nikampa dalili zote. Akasema ni jambo dogo, nilete mashine aitazame. Nikasema iko chumbani kwa mama mkwe. Akaweka chini bisibisi yake. Akasema pole sana, kaka. Akaninunulia soda.

Jioni nilirudi dirishani kwangu. Elkana alikuwa amekwenda kuoga. Winfrida yuko jikoni na shangazi zake, wanasaga unga wa wimbi wa kesho. Mama ameualika ukoo mzima. Nikasikia sauti ndani. Mama alikuwa peke yake anaisemesha laptop. Anaiuliza kama Steven ana ndevu siku hizi. Anaiuliza kama kule wanampa ugali. Halafu akasema, polepole, kwamba ameanza kuisahau sura yake, anakumbuka ya utotoni tu.

Sikuweza kukohoa. Niliondoka kwa magoti ili asijue kuna mtu.

Mungu, mimi ni mtu wa maneno mengi, unanijua. Kesho usinitazame mimi. Mtazame huyu mama.

Jumamosi, 15 Novemba.

Lazima niandike yote.

Saa sita ukoo umejaa uwanjani. Wazee kwenye viti, akina mama kwenye mikeka. Laptop haioni kitu. Elkana anasema nimeua siku. Mjomba Nchagwa anatengeneza fimbo yake bila sababu.

Ghafla Winfrida katoka ndani, laptop mikononi, na ujumbe wa mama. Akausema mbele ya watu wote: "Mama anasema, mkwe wangu ametengeneza kwa mdomo wiki nzima. Sasa atengeneze kwa macho."

Akaniwekea magotini.

Nikatazama. Kataa ka ndege bado kanawaka! Tangu Jumatatu! Elkana akaegemea begani kwangu, akapiga kelele, "Wewe! Umezima mtandao na hiyo ndege! Toa hiyo kitu!" Wivu mtupu. Mimi nilishaelewa. Sherehe inaanza, Steven yuko mlangoni mwa ukumbi, na mimi bado nimeweka ndege hewani! Watu watashukaje? Nikabonyeza kitufe. Nikatua.

STEVEN!

Jina likarudi. Mistari ikajaa. Laptop ikaanza kuita yenyewe kama mtoto aliyeamka. Hapo mama mkwe akasahau miaka yake. Tukasikia mlango, tukasikia ndara zinakimbia. Elkana na mimi tukafunika nyuso kwa viganja, maana mkwe hatazamani uso kwa uso na mama wa mke wake. Shangazi wawili wakaruka na kitenge, wakakinyoosha katikati: huku wakwe, kule mama. Winfrida akainyakua laptop akaigeuza upande wa kule.

Kwa hiyo sikuona. Niandike ukweli, sikuona hata kofia. Niliona kitenge, chenye picha za kuku wekundu, na nyuma yake mwanga wa kioo ukicheza.

Lakini nilisikia. "Shikamoo, mama." Safi! Haikatiki! Kama kijana amesimama kisimani. Mama hakuitikia. Kisha akasema, "Una ndevu." Steven akacheka. Mama akasema tena, "Una ndevu za baba yako," na vigelegele vikapasua anga. Mjomba Nchagwa alikuwa ameshika fimbo na analia bila hata kujua kwamba analia.

Polandi na Nyambureti, na katikati hakuna kamba! Sauti imevuka jangwa, imevuka bahari, imepita ukuta, pembe, kitenge, imefika kifuani kwa mama yake. Sisi wakwe wawili kitenge kimetushinda. Elkana alinishika mkono. Nami nilimwachia. Tulikaa hivyo mpaka mwisho, tukitazama kuku wekundu.

Jumapili, 16 Novemba.

Kabla sijanywa uji, Winfrida kaniletea neno la mama mkwe. Anashukuru sana. Ananibariki mimi na uzao wangu. Na anaomba, kwa upendo, nisiguse tena chochote katika nyumba hii.

Mama mwenye huruma! Anataka nipumzike.

Lakini mimi si mtu wa kupumzika wakati watu hawajaridhika. Shangazi walisema picha ya Steven jana ilikuwa na giza kidogo upande mmoja. Nikafikiri usiku kucha. Laptop inakula umeme wa sola, si ndiyo? Na paneli ya sola juu ya paa imeelekezwa wapi? Mugumu! Steven yuko Mugumu? Steven yuko Polandi, na Polandi ni kaskazini, mtu yeyote aliyesafiri anajua.

Elkana ameondoka alfajiri, kwa hiyo hakuna wa kunionea wivu. Leo mama anapigiwa tena saa nane. Naandika haya nikiwa juu ya bati. Paneli nimeshaigeuza, ilikuwa imekazwa kweli, ikabidi niifungue nyaya mbili tatu.

Huko chini wanapiga kelele kwamba kila kitu kimezimika.

Ni wingu. Litapita.