Usingizi Ulionipata Malinya

Marafiki, leo aibu imenikuta Malinya nikiwa nimevaa tai. Niacheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa boda boda, maana wale wataongeza chumvi. (Na kisa chenyewe hakihitaji chumvi.)

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Elphas wa mashine ya kusaga mahindi pale Khayega. Mwezi uliopita panya walinishinda kabisa, mteja mmoja akanihurumia akaniletea mtoto wa paka. Mweusi, miguu minne myeupe, sauti kubwa kuliko mwili. Nikamwita Afande kwa sababu anapiga doria. Shida ni kwamba doria yake ni ya usiku, na haihusu panya hata mmoja. Inahusu vidole vyangu vya miguu.

Mchana analala juu ya magunia kama mwenye mashine. Usiku anapanda pazia, anateremka na pazia, anaruka kifuani pangu, ananinusa pua kuhakikisha napumua. Nikimtoa nje analia mpaka namrudisha ndani. Sasa ni wiki tatu sijalala saa tatu mfululizo. Hali hiyo ukiizoea, dunia inakuwa laini. Watu wanaongea na maneno yao yanakufikia baadaye kidogo. Juzi nilimpa mama mmoja unga wa mwenzake, nikamtakia usiku mwema, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa akina Muhonja. Miaka miwili tumependana, na leo wazazi wake walikuwa wanione kwa mara ya kwanza. Muhonja alinipigia simu jana jioni.

"Elphas, sikiza. Baba hapendangi mlevi. Kuna mtu alikujanga hapa kwa dada yangu, macho nyekundu, anayumbayumba. Hata chai hakumaliza. Aliambiwa arudi kwao."

"Mimi hata busaa sijawahi kuonja."

"Najua. Sasa lala mapema, uamke na macho safi."

Nikalala saa mbili. Afande akaniamsha saa tatu. Tukawa hivyo mpaka kukakucha, na alfajiri, nilipokuwa nimeanza kuzama, akaona shavu langu likitetemeka akalirukia. Nilipojitazama kwenye kioo nikaona macho mekundu na mikwaruzo mitatu ya damu shavuni. Ukweli ni kwamba nilifanana na mtu aliyefukuzwa kilabuni. Nikapaka mafuta, nikafunga tai, nikamwomba Mungu.

Msemaji wangu alikuwa Baba Mdogo Wycliffe, mdogo wake marehemu baba. Yeye kazi ya kusemea watu kwenye posa anaiweza, na anajua hivyo. Aliponiona akaniuliza, "Umepigana?" Nikamwambia ni paka. Akasema, "Huko usiseme paka. Hakuna mtu ataamini." Tukapanda pikipiki. Kumbukumbu ninayo ya miti ya mikaratusi ikipita taratibu, na mashamba ya chai, na Baba Mdogo akinipiga kiwiko kila tulipopita bonde.

Tulipokewa vizuri. Mzee, baba yake Muhonja, ni mtu mrefu mwenye maneno machache. Alinishika mkono akaushikilia, akaniangalia macho, kisha shavu, kisha macho tena. Akavuta pumzi ndefu karibu na mdomo wangu. Mama yake Muhonja alitusalimia kwa mbali, kutoka mlango wa jikoni, kama ilivyo desturi yetu: mama wa binti na mwanamume anayemwoa binti hawashikani mikono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Nyanya yake Muhonja, wanayemwita Kukhu, yeye desturi inamruhusu kila kitu. Alinivuta masikio yote mawili.

"Huyu amekonda," akasema. "Lakini masikio iko."

Chakula kikaja. Ugali wetu wa moto, obusuma, na kuku, ingokho, mwenye supu nzito, mboga za kienyeji zilizotiwa maziwa. Nilikula kwa heshima. Lakini ninyi mnajua obusuma hufanya nini kwa mtu mwenye usingizi wa wiki tatu. Kope zangu zikaanza kushuka zenyewe. Baba Mdogo naye alikuwa ameshika mwendo.

"Mzee, kijana wetu ni mtu wa kazi. Saa kumi na moja yuko macho. Usingizi hajui ni nini."

Wakati anasema hivyo kidevu changu kilikuwa kimegusa tai. Muhonja, aliyekuwa anakusanya sahani, akaniinamia sikioni.

"Toka nje uende choo. Nawa uso. Baba anakuangalia."

Nikaomba ruhusa nikatoka. Choo kiko nyuma, upande wa ndizi. Nikanawa uso kwenye mtungi. Nilipogeuka mvua ikaanza, ile mvua yetu ya saa nane ambayo haibishi hodi. Nikakimbilia mlango wa nyuma, nikaingia kwenye kikorido cheusi. Kulikuwa na mapazia matatu, yote ya kitambaa kimoja cha maua ya manjano. Nikavuta la kwanza nililolifikia.

Sikukuta sebule. Nikakuta kitanda.

Kimetandikwa vizuri. Shuka limenyooshwa, neti imefungwa fundo juu, harufu ya sabuni na ya nguo zilizohifadhiwa sandukuni. Dirisha dogo limefunikwa na mwanga wa kijivu. Juu ya mabati mvua ilikuwa inapiga kwa nguvu moja isiyopungua, na chini yake nyumba nzima ilinyamaza. Hakuna kilichokuwa kinaruka. Hakuna kilichokuwa kinauma. Nikajiambia, hiki ni chumba cha wageni, na mimi ni mgeni. (Hesabu yangu ilionekana sawa kabisa.) Nitakaa dakika mbili macho yapoe.

Nikavua viatu nikavipanga. Nikavua koti nikalitundika kwenye msumari, juu ya kofia fulani ambayo ningepaswa kuitambua, maana Mzee alitupokea akiwa ameivaa. Nikashusha neti. Hilo la neti ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mtu wa dakika mbili hashushi neti.

Jamani, nililala. Sijui niwaelezeje. Nilishuka polepole kama mtu anayeteremshwa kisimani kwa kamba, na huko chini kulikuwa na joto. Niliota niko uwanja wa mapigano ya mafahali, pale pale Malinya, majani yana umande. Badala ya fahali akaingia Afande, mkubwa kama nyumba, akitembea bila haraka. Watu wote walikuwa wamelala kwenye nyasi, wengine wameegemeana, na ngoma za isukuti zinalia mbali kabisa. Afande akazunguka uwanja, akajikunja katikati, akafumba macho. Akalala usiku. Nililia kwa furaha ndani ya ndoto.

Zile ngoma, nimeambiwa baadaye, alikuwa Baba Mdogo akigonga mlango wa choo.

Kumbe saa moja na nusu ilikuwa imepita. Walikuwa wamesubiri, wakatazamana, wakaanza kunitafuta kwenye mvua na mwavuli mmoja. Simu yangu nilikuwa nimeizima kwa heshima. Walichungulia chooni, kwenye ndizi, kwenye zizi la ng'ombe. Mwishowe Mzee alirudi sebuleni akakaa.

"Ameenda kutafuta pombe," akasema. "Hiyo macho niliiona tangu mlangoni."

Baba Mdogo, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue, akaomba maji ya kunywa. Muhonja alienda jikoni akalia. Hilo amenieleza mwenyewe, na ndilo linalonichoma. Mtu amekusubiri miaka miwili, siku ya kukuonyesha kwao unapotea kama moshi, naye anabaki kukosha sufuria mbele ya dada yake.

Mama yake alikuwa amelowa kwa kunitafuta. Akaingia chumbani kwake kuchukua leso kavu. Akaona viatu. Akafuatisha viatu kwa macho mpaka kwenye soksi zangu, na soksi zilikuwa ndani ya neti yake.

Hakupiga kelele. Mama yule ana adabu. Alifunika uso kwa mkono, akatoka kinyumenyume, akamwita Kukhu. Kitu cha kwanza nilichohisi mimi ni ncha ya mkongojo mbavuni.

"Afande, niache," nikasema. "Dakika tano tu."

"Afande nani?" sauti ikauliza. "Umeleta polisi?"

Nikafungua jicho moja. Kukhu alikuwa ameinua neti kwa mkongojo. Nyuma yake Mzee, nyuma ya Mzee Baba Mdogo, nyuma ya Baba Mdogo Muhonja mwenye macho mekundu kuliko yangu. Nikainua kichwa. Foronya ilikuwa imedariziwa kwa uzi mwekundu maneno "Baba na Mama". Neno "Mama" lilikuwa limelowa mate yangu.

Ndipo nikaelewa nimelala wapi. Kwa watu wetu, kijana anayeposa haruhusiwi hata kupita karibu na pazia la chumba kile. Mimi nilikuwa nimeshusha neti.

Nikapelekwa sebuleni miguu mitupu. Mama alibaki nyuma ya pazia, asionekane. Mzee akauliza swali moja tu.

"Wewe kijana umekunywa nini?"

"Supu, Mzee."

"Kukhu, mnuse."

Kukhu akaniambia nifungue mdomo. Akaingiza pua, akafikiri, akanusa tena kwa uhakika.

"Ingokho," akasema. "Na mboga. Pombe hakuna."

"Na hiyo damu kwa uso?"

Nikamtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo akatazama dari. Nikaona hakuna tena heshima ya kulinda, nikasema ukweli wote. Paka, doria, vidole vya miguu, wiki tatu. Nikawasha simu nikawaonyesha picha, Afande akiwa amelala kwenye sahani ya mizani. Simu ikazunguka sebule nzima, ikapita hata nyuma ya pazia, ikarudi.

"Si uifungie nje," Mzee akasema.

"Bado ni ndogo, Mzee. Nje kuna baridi, na inalianga."

Mzee akaomba simu, akaitazama picha tena. Kisha sauti ya Mama ikatoka nyuma ya pazia, ikielekezwa kwa Kukhu, kwa sababu kwangu haiwezi kuja.

"Mama, niulizie hao wageni. Hicho kitanda sasa nani atalalia?"

Nilikuwa sijafikiria hilo. Kukhu akakaa vizuri, akaweka mkongojo magotini, akatoa hukumu. Godoro hilo wenyewe hawawezi kulilalia tena. Aliyelala alete lingine jipya, na shuka, na mito, yeye mwenyewe kwa mkono wake. Mpaka siku hiyo, kitanda kikae hivyo hivyo.

"Na mimi nitalala wapi?" Mzee akauliza.

"Kochi iko."

Mzee akaliangalia kochi. Ni la watu wawili, na yeye, kama nilivyowaambia, ni mtu mrefu. Nikataka ardhi ipasuke. Baba Mdogo akajikaza akauliza kuhusu lile jambo lililotuleta, kama kuna neno tunaweza kurudi nalo nyumbani.

"Hiyo tutawaambia," Mzee akasema.

Tulipofika lami Baba Mdogo alinipiga kiwiko. Ndipo akasema kwamba tangu aanze kusemea watu, hajawahi kusikia "tutawaambia" ikizaa kitu. Nikamwambia aniache kidogo. Muhonja nilikuwa nimemwachia machozi, wazazi wake nilikuwa nimewanyang'anya kitanda, na mimi ndiye pekee katika ile nyumba niliyekuwa nimepumzika. Kusema kweli mwili wangu ulikuwa mwepesi ajabu. Nililiona kila jani. Hilo nalo lilinitia aibu.

Nimefika nyumbani, nimekaa gizani na viatu vyangu. Nilikuwa naandika meseji ya kumwomba Muhonja msamaha, naifuta, naandika tena. Ni saa mbili na nusu sasa. Simu imelia mkononi nikadhani ni yeye.

Ni namba nisiyoijua. Meseji ni fupi, haina salamu:

"Mkwe, hii kochi ni fupi sana. Leta godoro kesho kabla ya kanisa."

Tangu asubuhi Mzee ameniita kijana. Nimelisoma hilo neno la kwanza mara saba, nimempigia Muhonja nikamsomea, na sasa bado hatujakata simu, yeye anapumua huko na mimi napumua huku.

Kwa hiyo mkicheka, chekeni kwa ndani, na mwenye kujua duka la magodoro linalofunguliwa Jumapili alfajiri aniambie, baba mkwe wangu amekunja miguu.