Wifi Yangu na Sinki la Maabara

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Pokea heshima zangu, pamoja na zile ambazo wifi yangu, mke wa kaka yangu na mtafiti mwenzangu wa meza ya pili, hajawahi kukupa. Baada ya heshima, naomba umwondoe.

Kazi yetu unaijua. Tunasaga ini la panya juu ya barafu, tunalizungusha polepole kwenye mashine, viini vya seli vinazama chini. Hivyo ni vyake. Majimaji yanayobaki juu ni yangu, kwa kuwa humo zimo mitokondria, majiko yanayoipikia seli nguvu, nami huzipata nikiyazungusha tena kwa kasi. Bila hizo sihitimu mwaka huu. Makosa yake ni haya:

1. Jana alichukua viini vyake, majimaji akayamwaga kwenye sinki. Eti alidhani ni uchafu! Mtu kasoma mpaka macho yameota miwani, halafu nguvu zote za seli anaziita uchafu.

2. Anajigamba kwamba kiini ndicho bwana wa seli. Sawa. Bwana asiyepikiwa na atawale tuone.

3. Barafu yetu anapozea soda. Ini likipata joto linajimeng'enya lenyewe, lakini linalohifadhiwa ni koo la wifi.

4. Sishangai tena kaka yangu kukonda. Mwanamke huyu atakuwa anamwaga mchuzi na kumwandalia mifupa.

Kwa hiyo naomba sinki lizibwe kwa saruji. Wifi ahamishiwe idara ya miamba, ambako hakuna cha kumwagika. Na kaka yangu ashauriwe kiofisi aoe upya. Unijibu mapema, kabla hajaja kumwombea mkewe msamaha, maana mimi nina huruma mno.

Wasalimie mhasibu, walinzi na mama wa usafi.

Wako mtiifu,
Mtafiti wa meza ya kwanza

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nililipiza kidogo, nikaimwaga chupa ya wifi iliyokuwa kwenye barafu, nikidhani ni soda yake. Ameingia sasa hivi, kainamia ndoo ya barafu, anaitafuta. Anasema aliwahi asubuhi akasaga ini la panya wetu wa mwisho, viini vyake akavitupa, majimaji akaniwekea mimi kwenye chupa hiyo nisije nikachelewa kuhitimu. Sasa ananiomba radhi, eti labda ameiweka pabaya. Mkuu, nimeona aibu, na sijui nimwambieje.