Ndoo ya Zita

Jumatatu, 8 Julai
Baridi kali. Ukungu hadi mlangoni. Mdogo wangu Zita ametoka wodini juzi. Kuhara siku sita! Mama amesema waziwazi: akihara tena, anampeleka kwa bibi, kijijini Tlawi, kwenye chemchemi safi. Huku kwetu bondeni, Mbulu mjini, kisima na vyoo vinatazamana. Sasa mimi nitalala na nani? Nimejiteua Msimamizi wa Maji. Nimechemsha nusu saa, nikihesabu kwa simu ya Mama. Nikapoza kwa vikombe viwili vya maji ya kisimani, mtoto asiungue. Nimefikiria kila kitu.

Jumanne, 9 Julai
Adui nimemjua. Bata wa akina Perpetua, jirani yetu! Wanakatiza uani kwetu na miguu yao ile. Nikafunika ndoo kwa sinia, nikaweka jiwe juu. Bata akapanda juu ya jiwe! Basi nikaikalia ndoo mwenyewe. Perpetua akachungulia, akauliza naatamia mayai mangapi na vifaranga wanatoka lini. Nikazidi kuikalia. Machozi yalikuwa karibu, lakini ndoo ilikuwa salama.

Jumatano, 10 Julai
Klabu ya afya. Mwalimu Hilary amegawa vichupa vyenye dawa. Unatia maji ya kunywa ya nyumbani, unasubiri siku mbili. Yakigeuka meusi, yana bakteria wa kinyesi. Nimejaza changu kutoka ndoo ya Zita. Mwalimu amesema kikae kwenye joto. Nimekifunga tumboni, ndani ya sweta. Nimekula makande nimesimama.

Ijumaa, 12 Julai
Cheusi. Cheusi kama masizi!
Cha Perpetua hakijabadilika. Na kisima ni kimoja! Mwalimu akamwuliza wanafanyaje kwao. Akajibu wanachemsha, wanafunika, wanayaacha yapoe yenyewe hadi asubuhi. Ndiyo hivyo tu? Uvivu mtupu! Mwalimu akatuambia tulishike hilo vizuri. Mimi nilikuwa nawaza bata.
Mama aliniona uso tu. Akashusha begi la Zita kutoka juu ya kabati.

Jumamosi, 13 Julai
Nimempigia Mama magoti. Akasema hapendi kumpeleka, ila hataki kumzika. Amenipa wiki moja, mpaka kichupa kingine. Zita kaingia ndani ya begi, anacheka. Mimi nimemtoa haraka.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya misa nimeanza upya. Nimesugua ndoo kwa majivu. Nimezungushia miiba, bata wasikanyage. Nimechemsha maji mara mbili! Kuni za siku tatu zimekwisha. Zita akalia kiu, na maji bado yanatoa mvuke. Nikachota vikombe viwili vya kisimani vya kupoza. Nikaongeza cha tatu, maana leo yamechemka zaidi. Amekunywa yote, akaomba tena. Begi nimelirudisha juu ya kabati.
Bakteria gani atavumilia moto mara mbili?